Fimbo ya Kuvulia Perege kwa Nzi Bandia: Ipi Ununue Kwanza

Anayevua kwa chubwi hurusha chubwi, na uzi hufuata. Nzi bandia hana uzito wa kurushwa: ni manyoya machache yaliyofungwa kwenye ndoana. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ule mnene wa plastiki. Kwa hiyo pesa zikiwa haba, punguza kwenye rili (gurudumu la kukunjia mshipi) kwanza, kisha kwenye fimbo. Mshipi usiuonee ubahili. Fimbo ya wastani yenye mshipi mzuri itakuvulia, lakini fimbo ghali yenye mshipi mbovu itakuchosha mkono tu.

Kila fimbo ya aina hii ina namba iliyoandikwa juu kidogo ya mpini, na mshipi wake lazima uwe wa namba hiyo hiyo. Namba 4 maana yake ni kwamba futi 30 za mbele za mshipi zina uzito wa gramu 7.8 hivi, namba 5 ni gramu 9.1. Kwenye kasha tafuta WF4F: mshipi uliojazwa uzito mbele na unaoelea. Ukiona L badala ya WF, huo una unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni wa bei nafuu, ila anayeanza huhangaika kuufikisha mbali.

Sasa fimbo zenyewe, tukianza na inayofaa zaidi kwa mabwawa ya mashamba ya Ruiru, Thika na Limuru nchini Kenya, ambako unasimama ukingoni na perege wengi ni wa ukubwa wa kiganja.

1. Namba 4, futi 8 hadi 8½, vipande vinne. Hii ndiyo ya kununua. Ni nyepesi kiasi kwamba perege wa robo kilo anaipinda na unasikia kila anapogeuka, lakini bado ina nguvu ya kumzuia asijifiche kwenye matete. Kila kipande ni sentimita 60 na ushee, hivyo inaingia kwenye begi na utapanda nayo matatu bila kugombana na kondakta. Usishawishike na ya futi 6 au 7 eti kwa sababu bwawa ni dogo. Ukingoni mara nyingi nyuma yako kuna uzio au miti ya kahawa, huna nafasi ya kurusha mshipi nyuma. Unauviringisha mbele juu ya maji, na kazi hiyo inataka fimbo ndefu kidogo.

2. Fimbo ya kuchomoa isiyo na rili, mita 3.6. Uzi unafungwa moja kwa moja kwenye ncha. Hakuna rili wala mshipi mnene wa kununua, na mtoto hujifunza kwa saa moja. Mipaka yake iko wazi: hufiki zaidi ya mita 6 au 7, na samaki mkubwa akikimbia huna uzi wa kumwachia. Tumia uzi wa mwisho, ule unaofungwa nzi, ulio dhaifu kuliko ncha ya fimbo, ili kitakachokatika kiwe uzi.

3. Fimbo ya kawaida ya rili na boya la maji. Kama tayari unayo nyumbani, usinunue kitu kingine kwanza. Jaza boya la plastiki maji nusu, funga nzi mita 1.2 nyuma yake, rusha, kisha vuta polepole. Upepo ukivuma itashinda zote mbili za juu. Hasara ni mshindo wa boya. Perege wa maji ya kina kifupi hutawanyika.

4. Namba 6, futi 9. Ni ya anayepanga kwenda Ziwa Naivasha kutafuta samaki aitwaye bass. Kwa perege ni kama kupasua njugu kwa nyundo.

5. Seti ya kasha moja yenye kila kitu. Mara nyingi mshipi wake hauna namba yoyote. Iache dukani.

Rili ni ya kuhifadhia tu, kwani perege huvutwa kwa mkono. Mradi inabeba mshipi wa mita 27 na uzi wa akiba wa mita 50 chini yake, inatosha. Mbele ya mshipi funga uzi mwembamba wa futi 7½ unaopungua hadi unene wa milimita 0.18 mwishoni (dukani huandikwa 4X).

Ukinunua mtumba, pitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo: ikinasa, pete ina mkwaruzo utakaokwangua mshipi. Unganisha vipande, tikisa. Ukisikia kugonga, maungio yamelegea. Mshipi wa zamani ukunje kidoleni. Ukiona nyufa, urudishe. Na mshipi wako mpya usiuguse ukiwa umejipaka dawa ya mbu, kwani dawa nyingi huyeyusha plastiki.

Kwa nzi una bahati ya kuwa hapa. Kenya imefunga nzi kwa mkono na kuwauza ng'ambo kwa miongo mingi, kwa hiyo nunua kwa wafungaji wenyewe. Perege ana mdomo mdogo: chukua wa ndoana namba 12 na 14 (namba ikipanda, ndoana ni ndogo zaidi), wa kahawia na wa kijani cha mwani, kumi na wawili watatosha. Vuta manyoya kidogo; yakitoka, uzi haukukazwa. Angalia pia tundu la ndoana, maana likizibwa na vanishi utalitoboa kwa sindano ukiwa ukingoni, samaki wakiruka mbele yako.

Ukinunua Julai, wakati wa baridi, usiilaumu fimbo haraka. Limuru iko juu ya mita 2,000, na maji yakishuka chini ya nyuzijoto 20 hivi perege hupoteza hamu ya kula. Jaribu Thika, saa nane mchana, jua likiwa limepasha ukingo.