Tathmini ya huduma ya dharura kwa kiharusi kidogo, Mtwara mjini

Naandika tathmini hii kuhusu huduma aliyopewa mjomba wangu mwezi Novemba katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Mtwara mjini. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nitaeleza sifa zake pamoja na kasoro zake, na vilevile sitakitaja kituo kidogo tulichopitia kwanza. Ninachopima ni jambo moja: je, mtu aliyepatwa na dalili za kiharusi zikaondoka zenyewe, akafika mapokezi akitembea na kusalimia watu, hupokewa kama mgonjwa wa dharura au kama mtu aliyekwisha kupona?

Asubuhi hiyo mjomba alikuwa nyumbani kwake Mikindani, amekaa jamvini akinywa chai kwa ming'oko kabla ya kwenda ghalani, kwani ulikuwa msimu wa korosho. Kikombe kilimponyoka mkono wa kulia. Alipojaribu kukiokota, vidole vilikigusa bila kukishika, na mkewe alipomuuliza kulikoni, alijibu kwa maneno yaliyovurugika, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni, huku upande mmoja wa mdomo umelegea. Hali hiyo ilidumu kama robo saa. Kisha maneno yakanyooka, mkono ukarudi, naye akavaa kofia yake akisema ni uchovu tu. Jirani alisema ni upepo mbaya, akashauri mzee alazwe asomewe dua. Dua tuliisoma ndani ya bajaji.

Kituo cha kwanza kilimpima presha, ikasoma 178 kwa 104, kikampa vidonge vya maumivu, na mhudumu akatuambia turudi kliniki wiki inayofuata, maana mzee yuko mzima. Tulipoteza pale saa nzima na dakika kumi. Simwoni mhudumu yule kuwa mtu mbaya. Alitazama mgonjwa aliyekuwa mbele yake na hakuuliza habari za mgonjwa wa saa moja iliyopita. Lakini kiharusi kidogo, ambacho wengine hukiita kiharusi cha mpito, hutambuliwa hasa kwa masimulizi. Kipande cha damu iliyoganda huziba mshipa wa ubongo, kisha huyeyuka au kusogea, damu ikapita tena. Mgonjwa hurudi katika hali yake, mara nyingi ndani ya saa moja, ilhali chanzo kilichotoa kipande hicho bado kipo, kiwe ni moyo unaodunda bila mpangilio au mshipa wa shingo uliojaa mafuta.

Hospitali ya pili ilitupokea kwa namna nyingine kabisa. Nesi wa mapokezi alimwamkia mjomba, akamkalisha, na swali lake la kwanza likawa: "Mara ya mwisho mlimwona yuko sawa kabisa ilikuwa saa ngapi?" Tulijibu saa moja na nusu asubuhi, naye akaiandika saa hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi, kabla hata ya jina. Akamwomba afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu. Nilisimama nikiukodolea macho mkono wa kulia. Haukushuka hata kidogo, na nikadhani tunarudishwa nyumbani kwa mara ya pili. Badala yake nesi alimwita daktari papo hapo, akamweleza kwamba dalili zimeisha na kwamba inabidi wawahi kabla hazijarudi.

Sukari ilipimwa ndani ya dakika tano, kwa sababu sukari ikishuka sana inaweza kuleta dalili zinazofanana na za kiharusi. Kikafuata kipimo cha umeme wa moyo, kisha picha ya kichwa, ambayo wengi wetu huku kusini tulizoea kuihesabu kuwa safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Nilikuwa na aspirini mfukoni na nilitaka kumpa mjomba tukiwa foleni, daktari alinizuia. Mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka huonyesha dalili zinazofanana, na aspirini kwa mtu anayevuja damu kichwani ni hatari. Picha ilipoonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja, ndipo alipopewa aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, zote mbili kwa siku 21 kisha abaki na moja, na pia dawa ya kushusha mafuta kwenye damu na ya presha.

Daktari hakutuficha sababu ya haraka yake. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wagonjwa 1,707 wa kiharusi kidogo waliofika idara za dharura: 180 walipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na 91 kati yao ndani ya siku mbili za kwanza tu. Wiki ijayo tuliyopangiwa na kile kituo ingekuwa nje ya siku hizo mbili. Kwa upande mwingine, Peter Rothwell na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha mwaka 2007 kwamba wagonjwa walipoanza kuonwa na kutibiwa mara moja badala ya kungoja miadi, waliopata kiharusi ndani ya siku 90 walipungua kutoka asilimia 10.3 hadi asilimia 2.1. Dawa zilikuwa zilezile za kawaida, na kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni siku ya kuzianza. Nikifikiria mtu wa Tandahimba au Nanyamba ambaye safari peke yake inamla saa kadhaa, naona uchungu zaidi anaporudishwa nyumbani na kituo cha karibu kwa sababu tu anaongea vizuri.

Kasoro zipo. Dirisha la malipo liko jengo lingine, na nililazimika kwenda mara mbili, mara moja nikalikuta halina mtu, huku picha ya kichwa ikisubiri risiti. Kwa mgonjwa wa aina hii kipimo kianze, fedha zifuate. Kipimo cha mishipa ya shingo tulipangiwa siku ya tano, jambo ambalo kwa hesabu za daktari mwenyewe ni kuchelewa. Kasoro iliyoniuma zaidi ni karatasi ya maelekezo, ambayo yote ilikuwa kwa Kiingereza. Mjomba husoma Kiswahili bila miwani, lakini aliigeuza karatasi ile mara mbili, akaikunja na kunipa mimi, wakati ndani yake ndimo mlimoandikwa dalili zitakazomtaka arudi mbio usiku ule ule.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na sehemu kubwa ya nyota hizo ni za nesi wa mapokezi na kalamu yake nyekundu. Ya tano nitaiongeza siku mjomba atakapopewa karatasi anayoweza kuisoma mwenyewe.