Hedifoni za masikioni: kagua mipira kabla ya kugusa ikwalaiza

Mwezi uliopita nilinunua hedifoni za masikioni kwa shilingi 35,000 katika duka moja hapa Dodoma mjini, na nilipofika nyumbani nikafungulia ngoma ya muheme, vishindo vya akina mama wa Kigogo vilinifikia vimenywea kama mtu anayegonga boksi tupu chumba cha pili. Nikapandisha besi hadi mwisho kwenye ikwalaiza ya simu, yaani ile sehemu ya kupunguza na kuongeza besi na sauti nyembamba, nikaambulia mkwaruzo. Kumbe mpira wa sikio la kushoto, ile ncha laini inayoingia sikioni, ulikuwa mdogo, na mpira usipoziba tundu la sikio, besi ndiyo huvuja kwanza.

Jipime hivi: muziki ukiwa unapiga, zisukume hedifoni ndani taratibu kwa vidole, besi ikijaa ghafla, mipira hiyo si saizi yako, na hakuna ikwalaiza itakayokusaidia. Mipira ikikaa sawa ndipo ufungue ikwalaiza, ambayo katika simu nyingi za Android ina vipimo vitano: hezi 60 (besi nzito), 230, 910, 3,600 na 14,000 (sauti nyembamba kabisa). Ukitaka ngoma zaidi, usipandishe 60. Shusha vile vinne vingine kwa desibeli 2 au 3, kisha ongeza sauti ya jumla, kwa sababu kupandisha huifanya sauti ivuke kiwango ambacho simu inaweza kukitoa, na hapo ndipo inapoanza kukwaruza.

Chaguo langu la kwanza ni Sony, wala sifichi upendeleo: hata MDR-EX15, ambayo si ya gharama kubwa, huja na mipira ya saizi 3. JBL Tune 110 ni ya pili. Nayo ina saizi 3 na waya bapa usiojisokota ovyo, ila kwa sikio langu besi yake imezidi, na hapo utashusha 60. Moondrop Chu II, yenye waya unaochomoka na kubadilishwa, naiweka ya tatu kwa sababu tu ni ya kuagiza. Zile za shilingi 5,000 zinatosha kwa taarifa ya habari.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Nilizunguka maduka matatu nikitafuta mipira mitupu, hakuna anayeiuza, na nilipoomba kujaribu hedifoni nyingine nikajibiwa, “Dada, ukishaitia sikioni umeinunua.” Mipira ninayotumia leo niliichomoa kwenye Sony ya kaka yangu iliyokatika waya.