PREMIS 3.0: kamusi inayodai historia ya kila faili

Kwa takriban mwaka mmoja nimeitumia Kamusi ya Data ya PREMIS, toleo la 3.0 la Juni 2015, katika kuhifadhi kaseti za zamani zilizogeuzwa kuwa faili za sauti. Inapatikana bila malipo kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ndiyo msimamizi wake.

Jina lisimpotoshe mtu, kwani hii si kamusi ya kutafutia maana za maneno. Inaorodhesha metadata, yaani taarifa kuhusu faili, ambazo ghala la kidijitali linazihitaji ili faili iweze kufunguka na kuaminika baada ya miaka mingi, na imezipanga katika makundi manne: vitu vinavyohifadhiwa, matukio, watendaji na haki. Kila kipengele kimeelezwa maana yake, sababu ya kuwepo kwake, na kama ni cha lazima au cha hiari.

Nguvu yake iko kwenye matukio. Kabla ya kuanza kuitumia, folda yetu ilikuwa na faili mbili za wimbo mmoja wa taarabu, zenye jina lile lile isipokuwa moja imeongezewa neno "mpya", na hapakuwa na mtu aliyejua ipi ilitoka moja kwa moja kwenye kaseti na ipi ilikwisha kusafishwa mikwaruzo. Siku hizi faili ikiguswa, tunaandika aina ya tukio, tarehe, programu iliyotumika na jina la aliyeitumia.

Jina la mwimbaji na maudhui ya wimbo havimo. Hayo imeyaachia viwango vingine, kama Dublin Core, nami sioni kosa hapo. Kinachonishangaza ni kwamba namba ya uhakiki, ambayo ndiyo hutuonyesha kama faili imebadilika hata kwa herufi moja, imewekwa kuwa ya hiari. Sisi tumeifanya ya lazima. Aidha, lugha yake ni nzito, na anayetafuta maelekezo ya hatua kwa hatua hatayapata, kwa kuwa inataja taarifa zinazotakiwa na kukuachia mwenyewe uamuzi wa kuziweka kwenye jedwali, hifadhidata au XML (muundo wa maandishi wa kupangia data).

Naipendekeza kwa ofisi yenye angalau mtu mmoja aliyetengewa kazi hiyo, tena ianze mapema. Ile faili yenye neno "mpya" tunayo bado, na rekodi yake ina tukio moja tu: siku tuliyoiingiza ghalani.