Nyoka-nyumba au mla mayai, wa kuanza naye ni yupi?

Kama unataka kufuga nyoka hapa Dodoma na kibali cha TAWA, mamlaka ya kusimamia wanyamapori, unacho (bila kibali usiguse, hawa ni wanyamapori na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina masihara), wanaotajwa sana ni wawili: nyoka-nyumba wa kahawia na mla mayai. Wote hawana sumu, wote wapo Tanzania hii hii. Nimewalea wote na nachagua nyoka-nyumba, wala sipepesi macho.

Mla mayai anawapata watu kwa vile hakuna habari za panya, unampa yai basi. Na kumwangalia akila ni raha jamani, anaachama mpaka ngozi ya shingo inatanuka magamba yanaachana, yai zima linazama, halafu anapinda shingo unasikia ka! hapo mifupa ya uti wa mgongo imepasua ganda kwa ndani, ute unashuka tumboni, baadae anatema ganda limebonyea kama karatasi ya pipi. Shida sasa, yai la kuku kwa wengi wao ni kubwa mno, wanataka la kware, na kinda hata la kware halimwingii anataka la ndege wadogo kabisa, utalitafuta mpaka uchoke. Lililokaa sana akilinusa anageuka. Tena anaweza kugoma miezi, porini si anakula msimu ndege wanapotaga, ila wewe mwenye roho nyepesi usingizi hupati. Akiogopa anajikunja na kusugua magamba yanakwaruza, mabaka yake nayo yanafanana na ya wenye sumu, jirani akimwona ni fimbo. Ndo maana usije ukaokota porini ukidhani ni yeye!!

Nyoka-nyumba ni mpole, anatembea usiku, ana mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa. Dume ni mdogo, jike anaweza kupita mita 1. Anakula mwaka mzima bila maringo, mkubwa panya mmoja kila siku 7 mpaka 10 anatosheka. Ila panya wa stoo usimpe, nyumba nyingi zinatega sumu ya panya na nyoka ataimeza humohumo. Tafuta panya weupe wa kufugwa, wagandishe kwenye friza, siku ya kula yeyusha kwenye maji ya vuguvugu umpe kwa koleo, mkono ukinuka panya atakung'ata.

Makazi yao hayatofautiani, boksi lenye mlango wa kufunga kweli maana wanatoroka hawa, upande mmoja joto nyuzi 30 hivi na mwingine upoe, maji, na pa kujificha. Juni na Julai usiku wa Dodoma unauma, taa ya vifaranga weka nje ya wavu asiifikie akaungua. Na hewa yetu hii kavu, akikaribia kujivua gamba muwekee kikopo chenye kitambaa kibichi, la sivyo linabaki vipande vipande, machoni ndo baya zaidi.

Mla mayai mchukue ukishapata mfugaji wa kware wa uhakika, na awe mkubwa, umemwona kwa macho yako akimeza yai.