Vitabu vya Green Arrow: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kila anayemaliza kutazama Arrow, tamthilia ya televisheni ya shujaa mpiga upinde Green Arrow, huja na swali lilelile: vitabu vyake vya katuni nianzie wapi? Nami humuuliza kwanza ana hela ya vitabu vingapi. Oliver Queen, ndilo jina halisi la Green Arrow, yupo tangu Novemba 1941, na amepita mikononi mwa waandishi wasiofanana hata kidogo. Mfululizo wake umeanzishwa upya mara kadhaa, kwa hiyo dukani utakuta "juzuu la 1" zaidi ya moja, kila moja hadithi yake. Ukinunua kwa kufuata namba utapotea. Fuata jina la mwandishi.

Namba moja kwangu ni mkusanyo wa Green Lantern/Green Arrow wa Denny O'Neil na Neal Adams, hadithi zilizotoka kuanzia 1970. Kabla ya hapo Oliver alikuwa tajiri mwenye pango lake, gari lake na kijana wa kumsaidia, mambo yote ambayo Batman tayari alikuwa nayo. Mwaka 1969 Adams alimchora upya, akampa ndevu za kidevuni na vazi jipya, na mwaka huohuo O'Neil akamfilisi. Mtu asiye na mali akaanza kuona wasio na mali.

Fungua hadithi ya kwanza, toleo la 76 la jarida la Green Lantern, shujaa mwenzake. Mzee mmoja mweusi, amevaa nguo zilizochakaa, anamsogelea Green Lantern. Anamwambia amesikia jinsi anavyowasaidia viumbe wa sayari za mbali wenye ngozi za buluu, za machungwa na za zambarau. Sasa anataka kujua mbona hajawahi kuwasaidia watu weusi wa hapa hapa duniani. Shujaa mwenye pete yenye uwezo wa kusogeza milima anainamisha kichwa, hana jibu. Oliver ndiye aliyempeleka pale ajionee. Wanapanda gari wakaizunguke Marekani, na safari hiyo ndiyo kitabu.

Kisha kuna matoleo ya 85 na 86, ya 1971. Oliver anagundua kwamba Roy Harper, kijana aliyemlea mwenyewe, anajidunga heroini. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa teja ni nani. Wengi tumewahi kumsindikiza mmoja hospitali au makaburini. Ndiyo maana kurasa hizi zinaniuma. Oliver, msemaji mkubwa wa haki za wanyonge, anampiga mwanawe wa kulea na kuondoka kwa hasira. Anayekaa na Roy katika arosto, usiku kucha, ni Dinah, mpenzi wa Oliver, yaani shujaa Black Canary. Hakuna mshale wa kutatua jambo kama hilo, na O'Neil hakujifanya kwamba upo. Kwa miaka mingi kanuni za wachapishaji wa katuni Marekani zilikuwa zimekataza kabisa kuonyesha dawa za kulevya. Zilikuwa ndiyo kwanza zimelegezwa mwaka huo.

Ukiuagiza mkusanyo huu, hakikisha una matoleo ya 76 hadi 87, na la 89. La 88 lilirudia hadithi za zamani tu, usisikitike likikosekana. Zipo chapa zilizogawanywa vitabu viwili. Mimi niliwahi kulipia nikidhani napata zote, muuzaji akaniletea nusu ya pili peke yake. Safari ikaanzia katikati, na nikasubiri miezi kuipata nusu ya kwanza. Muulize muuzaji akutajie namba za matoleo kabla hujatuma hela.

Namba mbili ni Year One ya Andy Diggle na mchoraji Jock, ya 2007. Hii ndiyo ya kumnunulia mtu aliyetoka moja kwa moja kwenye televisheni, na ikiwa hela yako ni ya kitabu kimoja chembamba, ianze hii. Matoleo sita tu, hadithi imeanza na imekwisha, huhitaji kujua chochote kabla. Kijana tajiri mlevi anatupwa baharini na mtu aliyemwamini, anafika kisiwani, anajifunza kuvuta upinde kwa sababu ana njaa. Kisha anagundua kisiwa hicho ni shamba la dawa za kulevya, na wakazi wake wanafanyishwa kazi ya utumwa. Jock huchora kwa mistari mikali na weusi mwingi. Unausikia uchovu wa mkono unaovuta kamba. Walioandaa Arrow walichota humu waziwazi, hata mhusika Diggle wa kwenye televisheni amepewa jina la mwandishi huyu.

Ya tatu ni kazi ya Jeff Lemire na Andrea Sorrentino, matoleo ya 17 hadi 34 ya mfululizo wa Green Arrow, ya 2013 na 2014. Hadithi ya koo za wapiganaji na siri za baba yake Oliver ni nzuri bila kuwa ya ajabu. Unalipia michoro. Mshale ukipiga, Sorrentino anakukatia kisanduku kidogo juu ya goti au kifundo cha mkono, rangi imebadilika ghafla, na jicho lako linafika pale mshale ulipofika. Zitafute zikiwa kitabu kimoja kikubwa chenye matoleo yote hayo. Hiki ni cha karatasi. Kwenye simu kurasa mbili zilizochorwa kama picha moja zinakatwa, na hapo umetupa hela.

The Longbow Hunters ya Mike Grell, ya 1987, wengi wangeiweka juu zaidi. Oliver anatimiza miaka 43, amehamia Seattle na Dinah mwenye duka la maua, ameacha mishale ya mbwembwe na kubaki na mishale ya kawaida yenye ncha kali. Ni kitabu cha mtu mzima kuhusu kuzeeka, na Grell aliendelea kuandika hadithi za Oliver kwa miaka kadhaa baadaye. Nimeishusha hadi ya nne kwa sababu moja. Dinah anateswa vibaya mno ili Oliver apate sababu ya kuua, na mwanamke aliyekesha na Roy usiku kucha alistahili zaidi ya hapo. Usimnunulie mtoto hata kama jalada limemvutia.

Ya tano, Quiver ya Kevin Smith, michoro ya Phil Hester na Ande Parks, ilianza 2001. Podo, kwa Kiswahili chetu. Oliver alikuwa amekufa mwaka 1995, hapa anarudi na kumbukumbu zake zikiwa zimekatika. Inachekesha na ina moyo, ila imejaa wageni kutoka hadithi nyingine. Ukiisoma kwanza utachanganyikiwa. Ukiisoma baada ya namba moja na ya nne, utafurahi.

Vya miaka ya 1940 na 1950, azima ukibahatika, vikiwemo vile vichache alivyochora Jack Kirby. Usivitolee hela mapema.

Na kama hutaki kusoma, nunua msimu wa pili wa Arrow. Tamthilia ilianza Oktoba 2012 na kuisha Januari 2020, misimu minane, Stephen Amell akiwa Oliver. Huko mwishoni watu wenye nguvu za ajabu walikuwa wengi kiasi kwamba upinde ulipungua maana. Msimu wa pili, wenye sehemu 23, unamweka Oliver mbele ya Slade Wilson, rafiki wa kisiwani aliyegeuka adui, na chuki ile unaielewa kwa sababu umeona ilikotoka. Utanguliwe na wa kwanza ukiweza.

Kwa diski, angalia namba ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambako diski inakubali kuchezwa, nyuma ya boksi kabla ya kulipa. DVD za Marekani ni kanda ya 1, za Uingereza ya 2, na Afrika Mashariki tuko kanda ya 5, hivyo deki isiyosoma kanda zote itazikataa. Blu-ray hazitusumbui zikitoka Uingereza, maana sisi na wao tuko kanda B. Vitabu havina tatizo hilo, ila uzito wa jalada gumu hupandisha nauli ya mzigo. Chapa ya jalada laini yenye kurasa zilezile itakuachia hela ya kitabu cha pili.