Meza ya Matunda ya Darajani Inayouliza “Utakula Lini?”

Katika soko la Darajani, mjini Zanzibar, ambalo wengi wetu bado tunaliita Marikiti, ipo meza moja ya matunda ninayoipendekeza ingawa bei zake ni za juu kidogo kuliko za jirani zake. Mzee mwenye meza hiyo hagusi tunda kabla ya kumwuliza mteja, “Utakula lini, mwanangu?” Anayekula leo huchaguliwa embe boribo linalonukia kwenye kikonyo, na anayengojea siku tatu hupewa lililokomaa lakini bado gumu, pamoja na agizo la kutolitia ndani ya friji mpaka liive, kwa sababu embe au ndizi mbichi ikikaa katika baridi iliyo chini ya nyuzi 13 hivi huharibika ngozi na huenda isiive vizuri tena. Mananasi na mashokishoki huyauza yakiwa tayari tu, kwani hayaongezi utamu yakishachumwa. Mteja aliyetaka nanasi changa “liivie nyumbani” alikataliwa mbele yangu, jambo ambalo wauzaji wachache hulithubutu.

Stafeli gumu hushauri liwekwe pamoja na ndizi mbivu, ambazo hutoa gesi ya ethilini na kuliharakisha, na kwa sababu hiyo hiyo matunda yanayotakiwa kudumu yatengwe na ndizi. Anasisitiza pia kwamba matunda yaoshwe wakati wa kuliwa, si kabla ya kuhifadhiwa, maana unyevu hukaribisha ukungu.

Ninalomlaumu ni kuyaficha mapera nyuma ya mapakacha, kana kwamba ni ya watoto, ilhali gramu 100 za mapera huweza kuwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na za machungwa takriban 50 tu. Kasoro kubwa zaidi ni sahani za papai na nanasi zilizokatwa tangu asubuhi, ambazo hubaki wazi juani. Mwanga, joto na hewa hupunguza vitamini C, mbali na inzi, na kwa hakika haifai kuzilipia. Omba papai zima likatwe mbele yako, naye hulikata bila kinyongo.

Ni vyema kufika asubuhi na mapema, mapakacha yanapofunguliwa. Siku ya Ijumaa meza hufungwa kabla ya adhuhuri.