Inkscape baada ya miezi 14: kidole bado kinatafuta Corel

Leo asubuhi nimebonyeza F4 mara sita kabla sijamaliza chai. Kwenye CorelDRAW, programu ya kuchora niliyoizoea, F4 inakuonyesha kazi yako yote kwenye skrini. Kwenye Inkscape, programu ya kuchora niliyohamia, F4 inakupa kifaa cha kuchora mstatili. Kwa hiyo nimechora vistatili vidogo sita ambavyo sikuvitaka, nikavifuta. Miezi 14 nimehama, kichwa kimefika, kidole bado kiko njiani.

Mimi ni dizaina wa Kariakoo, wa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Kazi zangu ni kadi za michango, kadi za mwaliko, kalenda, stika za bodaboda, mabango ya saluni. Miaka 16 nimekula kwa Corel, na ilikuwa ya kukraki, kama ya karibu kila mtu ninayemjua kwenye kazi hii. Bei ya leseni sikuwahi hata kuiuliza, na hilo silisemi kwa kujisifu. Siku moja flashi ya mteja ikaniletea kirusi, fundi akapiga Windows upya, na kraki yangu ikagoma kukaa tena. Nina kadi 300 za harusi za kupeleka Ijumaa. Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa amekuja kunisalimia. Akasema, "Mjomba, si uweke Inkscape? Ni ya bure." Nikamjibu kwamba Dar cha bure ni joto tu.

Kumbe ni bure kweli. Hakuna siku 15 za majaribio, hakuna kuulizwa kadi ya benki. Ilianza 2003, watu wanaojitolea walipoitenga kutoka programu iliyoitwa Sodipodi, na toleo la 1.0 likatoka 2020. Miaka 17 kufika namba moja! Watu hawa hawana haraka. Ninayotumia mimi ni 1.4. Mafaili yake ni ya aina ya SVG, na inafungua pia CDR za Corel, ila haiwezi kuhifadhi CDR. Kumbuka hilo, litakuuma ukienda kwa wachapaji.

Tena "inafungua" niliyosema, isome polepole. Nilikuwa na folda la mafaili ya miaka yote. Nikafungua kadi moja ya zamani: maua yapo, vivuli havipo, maandishi yamehama, picha niliyoifunga ndani ya umbo kwa PowerClip ya Corel imemwagika nje. Nikafungua ya pili, hali ni ile ile. Hapo ndipo nilipokaa kimya, maana nilijiona. Kwa miaka mingi "kudizaini" kwangu kulikuwa kufungua faili la harusi ya jana, kufuta jina la bwana harusi na kuandika lingine. Njiwa wale wale wawili wamebariki ndoa za Temeke hadi Tegeta. Mabibi harusi wasiojuana wana kadi moja, tofauti ni rangi ya utepe. Sasa njiwa wamekataa kufunguka vizuri, na mimi nina karatasi nyeupe mbele yangu. Karatasi nyeupe kabisa sikuwa nimeianza, nadhani, tangu nilipokuwa najifunza.

Ile kadi ya Ijumaa ilitoka bila njiwa. Majina mawili makubwa, mstari mmoja wa mnazi nilioutoa kwenye picha, basi. Sikuwa na ujuzi wa kuweka zaidi ya hapo! Mama wa bibi harusi akaishika, akaigeuza, akasema, "Hii haifanani na za watu." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu, lakini alilipa yote.

Kuhusu vitufe: kwenye mipangilio kuna sehemu ya kibodi ambapo unaweza kuchagua vitufe vifuate vya Corel X4. Nilichagua wiki ya kwanza, nikaacha wiki ya tatu. Kila video ya mafunzo ilisema bonyeza hiki, na kwangu kinafanya kile. Ukihama, hama na vyombo vyote.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike haya. Kina mama wa kikoba kimoja walitaka kanga yao ya sherehe. Pindo la kanga, kama unavyojua, ni kitu kinachojirudia: korosho, korosho, korosho, mzunguko mzima, mpaka pembeni. Zamani ningechora korosho moja, nikabonyeza Ctrl+D ya kutoa nakala mpaka nichoke, nikazipanga. Halafu mwenyekiti anapiga simu: korosho ziwe nene kidogo. Unaanza upya, unatukana kimoyomoyo.

Inkscape ina kitu kinaitwa kloni. Ukibonyeza Alt+D hupati nakala, unapata kivuli cha ile ya kwanza. Ukiigusa ya kwanza, ukainenepesha au ukaikunja, zote zinafuata palepale, hata ziwe 200. Na kuna dirisha zima la kupanga kloni kwa safu, lina aina 17 za mpangilio: kuzungusha, kugeuza kama kioo, kupishanisha. Dirisha lenyewe linatisha, lina vijisehemu na visanduku kama fomu ya mkopo. Mimi natumia vitatu vinne tu. Lakini kwa mtu wa kanga, vitenge au karatasi za kufungia zawadi, hapa pekee panatosha kukuhamisha. Kwa korosho zile nilibadilisha mara nne, na kila badiliko lilinichukua muda mfupi kuliko maelezo ya mwenyekiti. Jina la kanga nililiandika mwisho, nikaligeuza kuwa mchoro ili fonti isije ikabadilika kiwandani.

Kingine kizuri, kwa haraka: kugeuza picha kuwa vekta, yaani mchoro usioharibika ukiukuza, kunafanya kazi vizuri, hasa nembo iliyopigwa picha ya simu ikiwa mwanga ni safi. Kurasa nyingi ndani ya faili moja zipo tangu toleo la 1.2, kwa hiyo kadi mbele na nyuma hazikai mafaili mawili. Ila ukipenda kuweka ukungu na vivuli laini kila mahali, utaiona kompyuta inavuta pumzi. Nimepunguza vivuli. Sivikumbuki sana.

Na sasa machungu. Inkscape inafanya kazi kwa RGB, yaani rangi za skrini. Wachapaji wanataka sayani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Kwa bango la dijitali unaweza ukapita. Kwa ofseti, uchapaji wa pleti, yaani bamba moja kwa kila rangi, hupiti. Ratiba yangu ya kwanza ya harusi niliituma PDF moja kwa moja, bila kufikiri. Maandishi meusi madogo yakagawanyika kwenye pleti zote nne. Mashine ya ofseti ilikuwa GTO ya rangi moja, karatasi inapita mara nne, na ikisogea kidogo tu kila herufi inapata mzimu wake pembeni. Kosa lilikuwa langu, na rimu ya karatasi ikatoka mfukoni mwangu.

Dawa niliyoipata inaitwa Scribus, nayo ya bure. Nachora Inkscape, naingiza SVG Scribus, nafungua orodha ya rangi. Rangi zote zimekuja na majina yanayoanza na FromSVG. Nazibadilisha moja moja kuwa CMYK, nyeusi ya maandishi naiacha iwe nyeusi tupu, 100, nyingine sifuri. Kisha natoa PDF. Ni hatua ya ziada, inachosha, na ukiwa na rangi za kufifia hakikisha umezikagua maana huwa zinavurugika. Lakini mtu mzima kama mimi, miaka 16 kwenye kazi, hapo ndipo nilipoelewa pleti inataka nini. Zamani nilikuwa nabonyeza tu "CMYK" na kuomba Mungu.

Ukipeleka kazi kwa wachapaji watakwambia, "Tuletee Corel." Wape PDF iliyokamilika, waambie waifungue huko huko kwao. Wengine wananuna, wengine wamezoea.

Naipa nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka CMYK iingie ndani yenyewe. Kama una kazi nyingi za ofseti na leseni halali ya programu nyingine unaimudu, kaa ulipo. Kama unaanza, au kraki yako imegoma kama yangu, weka hii na ujipe miezi mitatu ya kujiona mjinga. Mwezi wa kwanza nilikuwa napiga simu kwa mpwa wangu kila siku, "Samahani mama, ile ya kuunganisha maumbo iko wapi?" Yeye ana miaka 21, hanicheki, au anacheka simu ikishakatika.

Juzi mwenyekiti wa kikoba amepiga tena. Wanataka doti nyingine, na safari hii korosho ziwe nyekundu. Wakati anaendelea kunieleza ni nyekundu gani, zilikuwa zimeshakuwa.